Kisu kikali ni ihsani: Namna ya kunoa kisu chako kikadumu na makali



Ndugu msomaji, leo tuzungumzie chombo ambacho hakikosekani katika nyumba yoyote, lakini ni nadra kupewa haki yake. Chombo hicho ni kisu. Hebu kitazame kisu kilichopo jikoni kwako hivi sasa. Je, kinakata nyanya kwa kupitishwa tu juu ya ganda, au inakubidi ukikandamize mpaka nyanya ipasuke na maji yake yamwagike? Kama ni hilo la pili, basi kisu chako hakipati, na makala hii inakuhusu wewe moja kwa moja.

Wengi wetu hukumbuka kunoa kisu mara moja kwa mwaka, nayo ni asubuhi ya Idd el Adh-ha. Mbuzi ameshafungwa, watoto wamekusanyika, ndipo baba anapotoka na kisu kukisugua kwenye ukingo wa baraza la saruji. Huo ni wakati usiofaa, jiwe lisilofaa na mahali pasipofaa. Insha Allah tutaeleza ni kwa nini.

Kunoa ni katika mafundisho ya dini

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha ihsani katika kila jambo, na kwamba hata katika kuchinja mtu anatakiwa achinje kwa wema, anoe kisu chake na ampunguzie taabu mnyama wake. Kwa hiyo kunoa kisu si mapambo wala hiari ya mpishi. Ni sehemu ya amana tuliyopewa juu ya kiumbe asiyeweza kujisemea.

Tukiangalia kwa jicho la elimu ya mwili, hekima yake iko wazi. Mchinjaji hulenga kukata koo la hewa, umio na mishipa mikubwa miwili ya damu iliyopo shingoni. Kisu kikali huikata mishipa hiyo kwa mpito mmoja, damu hutoka kwa kasi na mnyama hupoteza fahamu mapema. Kisu butu hakikati, bali huburuta na kubana. Mchinjaji hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayekata ubao kwa msumeno, damu hutoka polepole na mnyama huteseka kwa muda mrefu zaidi. Tofauti hiyo yote hutokana na dakika chache za kunoa ambazo mtu amezionea uvivu.

Kisu butu ndicho kinachokata vidole

Wapo akina mama wanaoogopa kisu kikali na kuona ni salama zaidi kubaki na kisu butu. Ukweli ni kinyume chake. Kisu kikali huingia pale unapokielekeza. Kisu butu hudai nguvu, na mkono ukitia nguvu hauwezi tena kujizuia kwa haraka. Kisu huteleza juu ya ganda la kitunguu au kwenye kano la nyama, na kinapoachia huishia kwenye kidole. Zaidi ya hayo, jeraha la kisu butu aghlabu huwa limechanika na kuparuzika, nalo huchelewa kufunga.

Jambo jingine ni aina ya kisu. Kisu tunachokizungumzia ni kile ambacho bapa lake limekaa imara ndani ya mpini, si kile cha kukunja. Kisu cha kukunja kina kiungo na mfereji ambamo damu, mafuta na vipande vya nyama hujificha, na si rahisi kukisafisha. Tena kinaweza kujifunga katikati ya kazi na kumjeruhi mwenye nacho. Kwa kuchinja na kwa jikoni, tumia kisu kisichokunjwa.

Kwa nini makali hufa?

Huwezi kuyatunza makali bila kufahamu yanavyokufa. Makali ya kisu ni mahali ambapo pande mbili za bapa hukutana na kuwa nyembamba sana, na yanaweza kuharibika kwa njia nne.

Kwanza, makali hulala. Yakigusa kitu kigumu hujikunja upande mmoja, na ukitazama kwa mbali huoni kasoro. Pili, huliwa taratibu kwa msuguano wa kila siku. Tatu, hupata mapengo kwa kugonga mfupa, mchanga au chuma kingine. Nne, huliwa na kutu. Kutu huanza pale palipo pembamba zaidi, kwa hiyo kisu kilichoachwa usiku kucha na maji ya ndimu, ukwaju au chumvi ya samaki kinaweza kupoteza ukali wake hata kama hakijakata kitu.

Ni vyema pia ukajua kisu chako ni cha chuma gani. Visu vinavyofuliwa na wahunzi wetu kutokana na springi za magari hunoleka kwa urahisi na hushika makali vizuri, lakini hupata kutu haraka. Visu vya dukani vinavyong'aa vimetiwa madini ya kromiamu, angalau asilimia 10 na nusu hivi, ndiyo maana havishiki kutu kirahisi. Vile vya bei rahisi sana mara nyingi huwa laini, hivyo hunoleka haraka na kulala haraka. Kila kimoja kina matunzo yake, lakini namna ya kunoa ni ile ile.

Zana za kunolea

Kinachofaa zaidi ni kinoo, yaani jiwe la kunolea lenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa mawe yenye namba, namba ndogo ni jiwe la kukwaruza na namba kubwa ni jiwe laini.

Kama huna jiwe, nunua msasa wa maji, ule unaotumiwa na mafundi wa kupaka magari rangi. Chukua namba 400 na namba 1000, kila kipande ukibandike juu ya ubao ulionyooka. Kwa gharama ndogo umepata kinoo. Hata kitako cha kikombe cha kauri, ile duara iliyoachwa bila kung'arishwa, hufaa kwa kumalizia makali siku ya dharura.

Tupa ni ya panga na jembe. Ukiitumia kwenye kisu huacha makali yenye meno ya msumeno. Mtu hufurahi kwa kuwa kisu kinakwaruza kidole, lakini meno hayo hukatika na kulala baada ya kazi kidogo tu. Nao ukingo wa baraza au sakafu ya saruji una chembe za mchanga zisizolingana, ambazo hutia makali mapengo.

Na mafundi wanaopita mitaani na cherehe ya baiskeli je? Hao wanafanya kazi ya halali yenye manufaa, na kisu kilichopata mapengo makubwa kinahitaji mashine. Tahadhari iliyopo ni joto. Chuma kikisuguliwa kwa kasi bila maji hupata moto, na kikifikia takribani nyuzi joto 300 za Selsiasi hugeuka rangi ya buluu. Sehemu iliyogeuka buluu imepoteza ugumu wake, na hata ukiinoa namna gani haitashika makali mpaka chuma hicho kiliwe chote. Kwa hiyo mwombe fundi, kwa lugha nzuri, aende polepole na achovye kisu kwenye maji kila mara. Kisha wewe mwenyewe umalizie nyumbani kwa jiwe laini.

Hatua kwa hatua

1. Osha kisu kwa maji na sabuni, ukaushe. Usinoe kisu chenye mafuta au damu, kwani uchafu huo huziba jiwe.

2. Tandika kitambaa kibichi juu ya meza na uweke jiwe juu yake ili lisiteleze. Lowesha jiwe kwa maji. Kama jiwe lako limezoea mafuta, endelea na mafuta, usichanganye.

3. Weka mlalo wa kisu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kwa kiasi cha theluthi moja ya upana wa bapa. Kama bapa lina upana wa sentimita 3, mgongo uwe juu ya jiwe kwa sentimita 1. Hapo utapata mlalo wa karibu digrii 20, ambao unafaa kwa kisu cha kuchinjia na kwa kazi nyingi za nyumbani. Kisu chembamba cha mboga unaweza kukiinua kwa robo tu ya upana wake, karibu digrii 15. Kitakata kwa wepesi zaidi, lakini makali yake ni dhaifu na yasiguse mfupa. Kwa panga la kukatia mifupa inua nusu ya upana, yaani digrii 30.

4. Anza na upande wa kukwaruza. Sukuma kisu kama mtu anayetaka kumenya ganda jembamba juu ya jiwe, ukianzia karibu na mpini na kumalizia kwenye ncha, bila kubadili mlalo. Kwenye msasa fanya kinyume: vuta kisu huku makali yakifuata nyuma, usije ukauchana. Usikandamize sana. Kama huna uhakika wa mlalo, paka makali wino wa kalamu nene ya kuandikia maboksi, kisha pitisha kisu mara mbili. Wino ukifutika juu tu karibu na mgongo, umelaza mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali pekee, umeinua mno.

5. Endelea upande huo huo mpaka uhisi unyuzi. Chuma kinapoliwa na jiwe husukumwa na kutokeza upande wa pili kama uzi mwembamba sana. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kwa kufuata urefu wa makali. Ukihisi kitu kinakwaruza kuanzia mpini hadi ncha, upande wa kwanza umemalizika. Geuza, fanya upande wa pili mpaka unyuzi urudi upande wa kwanza. Usihesabu mipito mingapi umefanya. Alama yako ni unyuzi, si hesabu.

6. Hamia upande laini wa jiwe. Pitisha mara chache kila upande, ukipunguza nguvu kadiri unavyoendelea. Mwishoni pitisha mara moja kulia na mara moja kushoto, kwa uzito wa kisu chenyewe tu.

7. Ondoa unyuzi. Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na ndiyo siri ya kisu kudumu na makali. Unyuzi ukiachwa, kisu huonekana kikali sana kwa muda mfupi, kisha unyuzi hulala juu ya makali na mtu hulalamika kuwa chuma ni kibovu. Tandaza mkanda wa zamani wa ngozi juu ya meza, vuta kisu juu yake kwa mlalo ule ule, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, mara kumi kila upande.

8. Pima. Shika karatasi hewani na ukate kuanzia ukingoni. Kisu kizuri hupita bila kukwama. Kikikwama mahali pamoja, hapo pana pengo au unyuzi uliobaki, basi rudia hapo.

9. Osha tena kisu kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Kunoa huacha unga wa chuma na jiwe, na unga huo usiingie kwenye chakula.

Kinolewacho hupata, walisema wahenga. Mara ya kwanza kazi hii inaweza kukuchukua nusu saa. Ukishazoea, dakika kumi zinatosha.

Kuyatunza makali

Makali mengi hayafi kwa kukata nyama, hufa kwa matumizi mabaya. Usikatie juu ya sahani ya kauri, kioo, kigae wala sinia la chuma. Tumia kibao cha mti au cha plastiki. Usikusanye vitunguu vilivyokatwa kwa kukwaruza kibao kwa makali, geuza kisu utumie mgongo. Usifungulie kopo wala usivunjie nazi kwa kisu.

Usikitupe kwenye beseni pamoja na masufuria na vijiko. Humo makali hugongana na vyuma, na mtoto au binti wa kazi akiingiza mkono kwenye povu hatakiona. Kioshe peke yake, kikaushe papo hapo, kisha kiweke kwenye ala. Ala ya boksi gumu iliyozungushiwa gundi ya karatasi inatosha kabisa. Ala ya ngozi ni nzuri kwa safari, lakini usihifadhi kisu humo kwa miezi kwani ngozi hubeba unyevu. Kisu cha kuchinjia kinachosubiri Idd nyingine kipakwe mafuta kidogo na kiwekwe mbali na watoto. Kabla ya kukitumia, kioshwe.

Unaweza pia kujifunza kwa muuza nyama. Ile fimbo ya chuma anayoipitisha kwenye kisu kabla ya kukupimia kilo yako hainoi sana, bali huyanyoosha makali yaliyolala. Nyumbani mkanda wa ngozi utafanya kazi hiyo. Ukiutumia mara kwa mara kabla ya kupika, huenda usilihitaji jiwe kwa mwezi mmoja au zaidi.

Siku ya kuchinja

Kisu kinolewe jana yake, na mbali na mnyama. Maulamaa wamekemea kumnolea mnyama kisu mbele ya macho yake, au kumchinja mbele ya mwenziwe. Andaa visu viwili: kimoja cha kuchinjia tu, na kingine cha kuchunia ngozi. Manyoya ya mbuzi na kondoo yamejaa vumbi na mchanga, na kisu kilichochuna mnyama mmoja si kisu cha kumchinjia wa pili.

Kisu kiwe kirefu kiasi kwamba ncha yake hubaki nje ya shingo wakati wa kukata, isichimbe ndani ya jeraha. Kisu kinachotosha kwa kuku hakitoshi kwa mbuzi, na cha mbuzi hakitoshi kwa ng'ombe. Panapochinjwa wanyama wengi, kama kwenye misikiti yetu, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni visu tu. Baada ya kila mnyama akioshe, akipitishe taratibu juu ya ukucha kuona kama kuna pengo, na akinyooshe makali pembeni, pasipoonekana na wanyama.

Usafi na usalama wako

Damu iliyomwagika ni najisi, na pia ni njia ya maradhi. Usikate kachumbari kwa kisu kilichotoka kwenye kuku mbichi. Bakteria kama salmonela hufa kwa moto, lakini kachumbari haipiti motoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kanuni tano za usalama wa chakula, na mojawapo ni kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa, pamoja na visu na vibao vyake. Uwezo ukiruhusu, kiwepo kisu cha nyama na kisu cha mboga. Kama ni kimoja tu, anza na mboga, malizia na nyama, kisha kioshe kwa sabuni. Kagua na pale bapa linapoingia kwenye mpini, kwani mpini uliopasuka huhifadhi uchafu.

Tukumbuke pia homa ya Bonde la Ufa, ambayo katika mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007 iliua watu Kenya, Somalia na Tanzania. Virusi vyake humwingia mtu kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, na mojawapo ya njia ni jeraha la kisu chenye damu hiyo. Kwa hiyo mnyama mgonjwa asichinjwe, aitwe bwana mifugo. Na mwenye kidonda mkononi asishike damu bila glavu.

Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunuafunua, kisha lioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usitie mafuta ya taa, majivu, kahawa wala udongo. Jeraha likiwa limeachama, au kidole kikafa ganzi au kikakataa kukunjika, nenda hospitali mara moja. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama hukumbuki mara ya mwisho ulichanjwa lini. Wengi hudhani pepopunda huletwa na kutu. Kinacholeta ni vimelea vinavyoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na zizini vitu hivyo havikosekani.

Ndugu msomaji, tenga nusu saa wiki hii. Kitoe kisu, tafuta jiwe, umwite na kijana wako akae karibu ajifunze mlalo na unyuzi. Siku atakayokabidhiwa mnyama wa kuchinja, awe tayari anaijua haki ya mnyama huyo juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaofanya ihsani katika makubwa na madogo. Amin. Wabillahi Tawfiq.